Bia ya Kupatana

Balagizi alikufa gitaa likiwa bado shingoni.

Ilikuwa Jumapili alasiri, wakati wa mapumziko ya bendi, na wateja wa baa ya Copper Bell walidhani amesinzia. Mpiga ngoma alimtikisa, akamwona macho yamelegea, akachukua bilauri iliyokuwa mbele yake akaimwaga bia ili amtilie maji. Maji hayakusaidia. Balagizi aliteleza kitini, gitaa likagonga sakafu.

Inspekta Jemutai alipofika alikuta watu wamejibanza ukutani na makoti yao mikononi. Alikuwa mwanamke wa Eldoret aliyekuja Ohio kusoma, akasahau kurudi, akaishia polisi. Copper Bell aliijua kwa sifa. Iko mashariki ya Columbus, ukikaribia Whitehall, na watu huifuata kwa mambo mawili: muziki wa jukwaani na bia ya pipa, ile isiyotiwa gesi, inayokaa chini ghalani na kuvutwa juu kwa mpini wa mbao. Jemutai aliwahi kuionja mara moja, akaona ni uji uliochacha. Wenyewe wanaisifu mpaka wanachosha.

Daktari wa polisi aliinama juu ya maiti, akanusa mdomo, akatikisa kichwa. Hakukuwa na jeraha. Alisema moyo umesimama ghafla, na kwamba mtu wa umri ule mwenye mwili ule hafi hivihivi. Bilauri ikatiwa kwenye mfuko wa vielelezo. Alama za vidole zilikuwa zimevurugwa na mpiga ngoma.

Aliyevuta bia siku hiyo ni Chimène, mama wa watoto wawili kutoka Bukavu, Kongo. Alisimama nyuma ya kaunta akijifuta mikono iliyokwisha kukauka zamani.

"Hii bia umeivuta wewe?"

"Ni mimi."

"Ukampa Balagizi?"

"Hapana, madame. Nilimupa Eliezer, mudogo wake. Alikuja hapa kaunta, akaomba ya pipa. Balagizi hakunywaka ya pipa. Uliza kila mutu."

Eliezer alikuwa amekaa karibu na mlango, mtu mwembamba aliyevaa suti ya kanisani. Alilia bila sauti. Jemutai alimwonea huruma, na baadaye alijilaumu kwa huruma hiyo.

"Chimène anasema bia uliiomba wewe."

"Anasema uongo. Mimi ni mulokole, sigusaka pombe. Yeye njo alimuletea yaya, kaka yangu."

"Bilauri hukuigusa?"

"Hata kidogo."

Jumatatu maabara ilileta majibu. Tumboni mwa marehemu mlikuwa na bia ya pipa, na ndani ya bia mlikuwa na dawa ya moyo, ile wanayopewa wazee, kwa kiasi cha kuua. Kwenye ukingo wa bilauri kulikuwa na mate ya watu wawili: Balagizi na mwanamume mwingine asiyejulikana.

Sajenti Patricia, msaidizi wa Jemutai, hakuona haja ya kuzunguka. Chimène alifanya usafi asubuhi katika makao ya wazee huko Westerville, mahali ambapo dawa hiyo haikosekani. Bia aliivuta kwa mikono yake. Alidai marehemu hanywi bia ya pipa, na tumbo la marehemu limemuumbua. Mate ya mtu wa pili? Bilauri haikuoshwa vizuri, basi. Patricia alikuwa askari mzuri, lakini alipenda kesi zinazofungwa kabla ya chakula cha mchana.

Chimène akawekwa rumande. Jumatano asubuhi angefikishwa mahakamani kwa mauaji. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliuliza tu nani atawachukua watoto shuleni. Watoto walichukuliwa na jirani, na yule mdogo alikaa dirishani na viatu miguuni, akikataa kuvivua mpaka mama yake aje.

Jambo hilo lilimkaa Jemutai rohoni. Mwongo hutafuta uongo wenye faida. Chimène angeweza kusema hajui lolote. Kwa nini ang'ang'anie neno ambalo daktari angelipindua siku moja tu?

Jumanne mchana alikwenda matangani.

Nyumba ya marehemu ilikuwa katika yale maghorofa ya Whitehall yanayofanana kama mayai. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wengine walikuwa wamesafiri kutoka Louisville, ambako Balagizi na mdogo wake walipokelewa mara ya kwanza walipoingia Marekani, na wengine kutoka Buffalo. Waliimba nyimbo za maombolezo kwa sauti za chini, za watu waliochoka.

Emérence, mjane, alimketisha jikoni. Msichana mmoja alileta soda iliyokwisha kufunguliwa. Emérence akamtazama kwa jicho kali, akairudisha, akachukua nyingine iliyofungwa, akaifungua mbele ya uso wa Jemutai. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akanywa yeye kwanza, ndipo akampa mgeni.

"Mbona umefanya hivyo, dada?"

"Kwetu hatupanaka mutu chupa ya kufunguliwa. Tunaogopaka karuho."

"Karuho ndiyo nini?"

"Sumu ya kificho. Bon, mutu akikukaribisha, anafungua mbele yako. Ao anaonja kwanza. Kama haonje, hukunywe. Hata kama ni mama yako."

Jemutai aliweka kikombe chini.

"Ndiyo maana mumeo hakunywa bia ya pipa."

"Pipa? Pipa inafunguliwa huko chini, nani anaona?" Emérence alitikisa kichwa. "Alikunywaka ya chupa tu. Walimuwekea yake pale baa."

"Na kama angeletewa ya pipa?"

"Asingekunywa. Labda mwenye kumuletea aonje."

"Nani angemwonjea akakubali?"

"Mimi." Mjane alifikiri. "Na Eliezer. Walikuwa wamegombana tangu mwezi jana. Sikuambiwa sababu. Lakini Jumapili, kabla ya kutoka, Balagizi alinambia bwana mudogo anataka bapatane."

Jemutai aliikumbuka bilauri. Yale mate hayakuwa uchafu. Yalikuwa adabu.

Aliuliza swali moja la mwisho: Eliezer anafanya kazi wapi? Westerville, alijibiwa, kwenye makao yaleyale ya wazee. Yeye ndiye anayesukuma kigari cha chakula na dawa. Nusu ya Wakongo wa Whitehall wamepitia pale, na hakuna aliyeona ajabu.

Jioni hiyo Eliezer aliitwa kituoni. Jemutai aliingia chumba cha mahojiano na kopo la Fanta lililokwisha kufunguliwa, akaliweka mbele yake.

"Karibu. Umekuwa msibani tangu Jumapili, lazima una kiu."

"Asante, madame."

Hakuligusa. Jemutai akamuuliza habari za kazi, za watoto wake watatu, za safari ya kutoka kambi ya wakimbizi. Midomo ya Eliezer ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Kopo lilikaa palepale.

Jemutai akamimina kidogo kwenye kikombe cha karatasi, akanywa. Kisha akasukuma kopo tena. Eliezer alilichukua na kunywa lote bila kupumua.

"Kumbe ulikuwa na kiu."

Eliezer alijipangusa midomo.

"Ulikuwa ukingoja nionje."

"Ni desturi tu."

"Najua. Nimefundishwa leo. Na Balagizi angengoja vilevile." Jemutai alivaa glavu, akalichukua lile kopo tupu na kulitia kwenye mfuko. "Kwenye bilauri kuna mate ya mwanamume wa pili. Maabara italinganisha. Unataka tungoje, au utaniambia?"

Eliezer aliutazama ule mfuko.

"Bila kuonja, asingekunywa," alisema.

"Dawa uliitia lini?"

"Nikisha kuonja. Watu walimupigia makofi, akageuka kubasalimia."

"Kwa nini ulimuua ndugu yako?"

"Mimi si Eliezer, madame. Naitwa Bagula."

Ikamtoka yote. Kule kambini Nakivale, Uganda, jina la Eliezer lilikuwa kwenye orodha ya familia ya Balagizi, lakini Eliezer mwenyewe alikuwa amepotea vitani na watu walikwisha kumlilia. Bagula alikuwa yatima wa hema la jirani. Balagizi alimwonea huruma, akampa jina la mdogo wake. Kwa jina hilo alipanda ndege, akaoa, akazaa. Kisha, mwezi uliopita, Eliezer wa kweli akatokea kambini, mgonjwa, akiuliza familia yake ilikwenda wapi.

"Balagizi alisema ataambia serikali kweli yote, ili wamulete huku. Lakini Eliezer mwenye kuwa hapa ni mimi. Nilipiga magoti. Bangenifukuza, mimi na watoto. Akasema, 'Yeye njo damu yangu, utanisamehe.' Donc, nilimwambia tupatane, tukunywe kikombe kimoja."

"Na Chimène? Angefungwa maisha kwa ajili yako."

Bagula aliinamisha kichwa.

"Alinipendaka," alisema baadaye, akimaanisha marehemu. "Hata ile bia, alinishukuru."

Chimène aliachiwa usiku uleule. Jemutai alimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa jirani na kumwomba radhi. Chimène alipiga magoti, akamvua mwanawe viatu.

Asubuhi Jemutai alikuwa akifunga jalada wakati simu ya marehemu ilipolia ndani ya mfuko wa vielelezo. Namba ilikuwa ya Uganda. Angeweza kuiacha ilie. Akaipokea.

"Yaya?" Sauti ilikuwa dhaifu, ya mtu aliyekohoa usiku kucha. "Ni mimi, Eliezer. Ulishabaambia serikali?"

Jemutai alifunga macho. Alitafuta namna ya kuanza, kwa Kiswahili chochote kile, na hakuiona.

"Yaya? Unanisikia?"

"Nakusikia, Eliezer," alisema. "Keti chini kwanza."