Sherehe za Valletta

Haya yalimpata rafiki yangu Njambi, mhasibu wa Upper Hill, mwaka jana. Alikuwa kisiwani Malta, katika mji wa kale wa Valletta, akitazama sherehe za mtakatifu wa mji huo, baba yake alipofariki ghafla. Ndege ilichelewa, akafika nyumbani kwao Uthiru wameshamzika. Hakulia. Anasema hakuhisi chochote.

Jioni moja mama yake alimwambia, "Hebu nionyeshe hiyo sherehe uliyoenda kuona."

Walikuwa wawili tu nyumbani, na stima ilikuwa imepotea, taa zote zimezimika. Njambi akawasha video kwenye simu. Kengele zikalia, fataki zikapasuka, bendi ikapita ikipiga tarumbeta. Kisha bendi ikanyamaza, na katikati ya umati ule wa wageni mtu akakohoa, akasema kwa Kikuyu, polepole, "Nifungulieni mlango."

Simu ikazima. Giza likawa totoro.

"Umemsikia baba yako?" mama akauliza.

"Nimemsikia."

Njambi hakuogopa, wala hakumshika mama mkono. Alikaa tu akisikiliza slipa za mama zikiburuzika kuelekea mlangoni, halafu komeo likivutwa, na huko nje mtu akipangusa viatu.