Mla Mayai ya Wasiorudi

"Nani amekula yai la Lachlan?"

Hilda Thackray aliuliza, akiinua sahani tupu. Bwalo la kikosi cha ndege za mabomu cha Wakanada, pale Yorkshire, Uingereza, lilikuwa limejaa askari. Katika Vita Kuu ya Pili yai lilikuwa anasa, lakini kila aliyerudi salama kutoka Ujerumani alikaangiwa lake. Hilda, mpakuaji wa chakula, alikuwa amelifunika la Lachlan kando ya jiko, akimsubiri. Ndege ya Lachlan haikurudi. Sahani ilikuwa imelambwa ikang'aa, na palinuka mpira ulioungua.

"Prudhomme, tumbo lako lina shetani!" askari wakamtania sajini wa jikoni. Prudhomme hakucheka.

Tangu hapo, kila ndege ilipopotea, sahani za vijana wake zilikutwa tupu, zina joto bado, kana kwamba ulimi umetoka hapo sasa hivi. Padri aliomba; harufu ikasogea hadi mlangoni, ikarudi.

Ikabidi apatikane wa kulaumiwa. Unadhani walilaumiwa wakubwa waliochora njia za mashambulizi huku wamekaa karibu na moto? Thubutu! Alilaumiwa Hilda.

"Ana mkosi yule," walinong'ona. "Anayemchekea harudi."

Wakaacha kupokea chai mkononi mwake. Aliyebaki ni mchumba wake tu, Orville Hnatiuk, mpiga bunduki anayekaa mkiani mwa ndege.

"Nipe, mchawi wangu," alisema, akikonyeza.

Jioni moja, kabla ya kuruka, waliokuwa wakienda nao walipewa mayai. Hilda akamwekea Orville lake, akageuka kuchukua chumvi, na hapo hapo akasikia nyuma yake kitu kikitafuna taratibu, kwa mate mengi, harufu ya mpira ikamjaa kooni, na alipogeuka akamkuta Orville ameshika uma uliokuwa safi, akiitazama sahani yake ambayo kiini cha yai kilikuwa kikifutika juu yake, kidogo kidogo, na hapakuwa na mdomo.

"Umeona?" Hilda akanong'ona.

"Nimeona."

"Basi usiende. Sema sikio linakuuma. Sema chochote, Orville!"

"Daktari kanipima leo asubuhi, mzima. Nikikataa watanivua beji ya mabawa mbele ya kikosi kizima, niitwe mwoga. Na wenzangu wataruka hivyo hivyo, na mgeni mkiani."

Hilda akamkimbilia Prudhomme. "Sajini, waambie wakubwa!"

"Niwaambie nini, binti? Kwamba jini limekula yai?" Alikuwa akilia. "Watakuhamisha wewe. Ndege zitaruka."

Nje injini zilishaanza kunguruma, vikombe vikigongana rafuni. Orville akafunga koti lake la ngozi hadi kidevuni, akamshika Hilda mkono mbele ya wote waliomwogopa.

"Ukimwandikia mama," akasema, "mwambie nilikula nikashiba."