Goti la Mshale

Jumapili hiyo ya mwaka 1947 feri ilijaa pomoni. Mashabiki wa Changamwe walikuwa wakirudi kwao baada ya kuwacharaza vijana wa Likoni mabao matatu, na mfungaji wa yote matatu walikuwa wamembeba mabegani wakiimba jina lake, viatu vyake vikining'inia juu ya vichwa vya abiria. Alikuwa kijana mrefu, mweusi tititi, fulana ya mistari myekundu imemganda mwilini kwa jasho. Jina lake Gershom Kenga, kibarua wa bandarini. Uwanjani wakimwita Mshale.

Feri ikatikisika, waliombeba wakayumba, na kiatu kimoja chenye matope kikatua juu ya gauni jeupe la harusi ambalo msichana mmoja alikuwa amelipakata kama mtoto mchanga.

"Teremsheni gunia lenu hilo!" msichana akapiga ukelele. "Tazameni mlivyofanya!"

Wimbo ukakatika. Mtu mmoja akacheka. "Dada, wamjua huyu lakini? Huyu ndiye Mshale!"

"Namjua. Ni mtu mwenye matope."

Gershom akaruka chini. Msichana alivaa rinda la maua ya samawati, leso kichwani, midomo ameibenua, na hasira zile zilimpendeza kupita kiasi. Jina lake Dhahabu, mtu wa Mazeras. Alikaa Timbwani, upande wa Likoni, kwa Bi Mwanarehema, fundi wa cherehani aliyemfunza kushona.

"Niwie radhi, bibi. Nipe nikalifue."

"Ulifue wewe? Mikono hiyo yajua sabuni?"

"Haijui. Utaifunza."

Dhahabu alicheka bila kupenda, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kesho yake jioni, kijana aliyeshangiliwa na Changamwe nzima alikuwa amechuchumaa mbele ya karai uani Timbwani, povu limemfika viwikoni. Bi Mwanarehema alimtazama huku akitafuna tambuu.

"Mwanangu, mwanamume afuaye gauni la harusi lisilo la mkewe ana lake jambo."

"Ninalo, mama," Gershom akajibu, wala hakuinua macho.

Mhindi mwenye duka jirani na Bi Mwanarehema alikuwa na simu, naye Gershom alipata ruhusa ya kutumia ile ya ofisini kwa Absalom, karani wa bandarini aliyekuwa kiongozi wa timu. Dhahabu akiitwa alikimbia, sindano zingali zimechomekwa kifuani pa rinda.

"Haloo! Wanisikia?"

"Usipige kelele, roho yangu. Hata bila simu ningekusikia huku ng'ambo."

"Basi kata simu, nikuite kwa mdomo."

"Nikikata nitakufa."

"Utakufaje, nawe goli la Jumapili bado hujalifunga?"

Wakakubaliana kwamba mavuno yakiisha, Gershom angekwenda Mazeras kwa mzee Nguma, babake Dhahabu, kumposa.

Kabla ya mavuno goti likaumia. Ilikuwa siku ya kuchagua timu ya Pwani. Beki mmoja alimjia kwa miguu yote miwili, na waliokuwa karibu walisikia mlio kama kuni kavu inapovunjwa. Hospitalini daktari alilibonyeza goti lililovimba kama boga, akamweleza waziwazi, Dhahabu akiwa amesimama kando ya kitanda.

"Kano ya goti imekatika nusu. Nusu iliyobaki ikipumzishwa, inaweza kushika, nawe unaweza kucheza tena mwakani. Ukiukimbilia mpira kabla ya hapo, hutakimbia tena maishani."

Walipomfunga plasta, Dhahabu alimshika mkono. "Niapie, Gershom."

"Naapa."

"Si mpira tu. Niapie hutanificha neno. Lolote lile, niambie, hata kama ni baya."

"Wallahi, sitakuficha."

Plasta ikatolewa, akaanza kutembea kwa fimbo. Mwanzo chumba chake cha Changamwe kilijaa wageni, wengine wamekaa hadi kizingitini. Baadaye wakapungua. Jumapili moja alisikia mashabiki wakipita barabarani na wimbo wake, ule ule, ila mahali pa jina lake wameweka jina la kijana mwingine. Gershom alijifunika shuka mpaka kichwani.

Ndipo Absalom alipomjia. "Fainali ni Jumamosi, ndugu yangu. Sikwambii ukimbie. Simama tu pale mbele. Wakikuona wataogopa."

"Daktari amenikataza."

"Daktari hajui mpira. Wewe wajionaje?"

Gershom akaliinua goti, akalishusha. "Haliumi," akasema. Lilikuwa likiuma.

Jumamosi asubuhi simu ililia dukani kwa Mhindi.

"Mpenzi wangu," Gershom akasema, "leo usijisumbue kuja. Nimelala tu, mguu juu ya mto."

"Umelala wapi?"

"Nyumbani. Yaani, nimetoka mara moja nikupigie, narudi kulala."

Nyuma ya sauti yake Dhahabu alisikia watu wengi wakipiga makofi na kuimba. Na katika wimbo ule, jina lilikuwa Mshale.

"Gershom," akasema polepole, "una neno la kuniambia?"

"Sina, roho yangu."

Dhahabu alivuka feri, akapanda basi mpaka Changamwe. Alipofika uwanjani, kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Alimwona Gershom amesimama mbele, kitambaa kimezungushwa gotini, na watu wakiita jina lake mpaka vumbi likatetemeka. Mpira ulimjia. Akaugusa mara moja, akamzunguka beki, akafunga. Uwanja ukapasuka kwa furaha. Dhahabu mwenyewe, Mungu amsamehe, alijikuta ameruka.

Muda mfupi baadaye mpira ulimjia tena. Aligeuka kuufuata, mguu ukabaki ulipokuwa. Hakuna aliyemgusa. Alianguka peke yake kwenye nyasi, na alipoinua uso kwa maumivu, macho yake yalikutana na ya Dhahabu.

Dhahabu alikwenda hospitalini siku ya pili na chakula ndani ya kikapu. Gershom alikuwa amegeukia ukutani.

"Umekuja kumtazama kiwete?"

"Nimekuja kukusikia. Sema nami."

"Nenda zako, Dhahabu. Nenda utafute mwenye miguu miwili."

"Hilo ndilo neno lako?"

Gershom akamwambia muuguzi asimruhusu kuingia tena. Dhahabu alirudi mara mbili, akazuiwa mlangoni mara mbili. Kisha akaacha kuja, na Gershom akajisemea moyoni: nilijua, amekimbia mguu.

Goti halikupona. Lilikauka, likawa halikunjiki sawasawa, na Absalom hakuonekana tena pale chumbani. Gershom akapata kazi ya kulinda lango la ghala, kazi ya kukaa. Mwaka uligeuka, Pasaka ikapita, ndipo kibarua mmoja kutoka Likoni alipomwambia, kwa mazungumzo tu, kwamba fundi Dhahabu anaolewa Rabai na mwalimu Phineas.

Siku hiyo hiyo alasiri alivuka. Kutoka feri hadi Timbwani alipumzika njiani mara nyingi. Alimkuta Dhahabu uani, amekonda kidogo, mbele ya cherehani. Bi Mwanarehema alipomwona mgeni alijikusanya, akaingia ndani na kuwaachia uwanja.

"Karibu," Dhahabu akasema. Akamsogezea kiti.

"Nimesikia habari."

"Ni kweli."

"Sikulaumu. Nani angemtaka mtu wa namna hii?" Akalipiga goti lake kwa kiganja.

Dhahabu aliacha kushona. "Gershom, muda wote huu umekuwa ukifikiri hivyo? Kwamba nilikimbia goti?"

"Ulikimbia nini basi?"

"Nilikuuliza kwenye simu. Nilikuwa nimesikia kila kitu, wimbo, makofi, nikakuuliza ili unipe ukweli. Ungeniambia, 'Dhahabu, nakwenda kucheza,' ningelia, ningekutukana, halafu ningekuja kukufunga hicho kitambaa mwenyewe. Ulisema huna neno." Sauti yake ilipasuka. "Nikaja hospitalini, ukanifungia mlango. Goti ningelichukua. Ningelikanda kwa mafuta mpaka uzee."

Gershom aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondoka kwenye suruali. "Niliogopa," akasema. "Walikuwa wamenisahau. Nikaona nawe utanisahau. Dhahabu, nakupenda. Nioe mimi... nikuoe, nataka kusema. Tazama, hata maneno yamenipotea."

Dhahabu alicheka na kulia pamoja. Akamfuta uso kwa pindo la leso yake, taratibu, jicho moja, kisha la pili.

"Ungekuja kabla ya Pasaka."

"Umempenda?"

"Ni mtu mwema. Nimempa neno langu, naye hajawahi kunipa la uwongo. Siwezi kumfanyia yale yaliyonitoa machozi mimi."

"Basi nije harusini?"

"Usije. Nikikuona sitafika madhabahuni."

Alimsindikiza mpaka feri, wakitembea kwa mwendo wa goti lake. Feri ilipoondoka, Dhahabu alibaki amesimama pale mpaka watu wote wakatawanyika.

Jumamosi ya harusi Gershom alikwenda kazini kama kawaida. Rabai ni mbali. Kengele za kanisa lake hazisikiki Changamwe. Hata hivyo, ilipokaribia saa ya ibada, aliinuka kwenye kiti chake, akaegemea lango la ghala, akamwomba mwenzake anyamaze kidogo, akasikiliza.