Lebo ya Droo ya Chini

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na sehemu kubwa niliiona kwa macho yangu. Sina sababu ya kutia chumvi.

Dada anatunza ghala la sampuli. Ni jengo la vyuo saba, vilivyoamua kuchangia vifaa kwa kuwa hakuna chuo chenye ubavu wa kununua kila kitu peke yake. Mna mafriza ya damu na nyama za wanyama wa porini, makabati ya wadudu, na hadubini moja ambayo wataalamu huigombania kama wake wenza. Na ndege. Maelfu ya ndege waliokaushwa, wamepasuliwa tumbo, wakajazwa pamba na kushonwa kwa uzi mweupe, wamelazwa chali kwenye droo, kila mmoja na lebo mguuni: jinsia, uzito, mahali alipopatikana, tarehe.

Aliyekuwa akiwakausha ni shemeji, mume wa dada. Kazini walimwita Fundi Manyoya. Alifia kambini, msituni, alikokwenda kukusanya ndege. Homa ya siku mbili, basi. Tukamzika, na siku ya nane dada akarudi kazini. Hakulia. Ukimwekea chakula alikula, usipomwekea hakuuliza. Mama akasema tumwache, atalia siku yake ikifika.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mtafiti mmoja alikuja kuazima droo ya mdiria, wale ndege wavua samaki. Kwenye rejista walikuwa kumi na wawili. Kwenye droo walikuwa kumi na watatu. Yule wa mwisho alikuwa bado na unyevunyevu. Lebo yake ilikuwa na mwandiko wa shemeji, umelala kushoto kama kawaida yake. Mahali: kambini. Tarehe: Ijumaa iliyopita.

Shemeji alikuwa na wiki ya tisa kaburini.

Dada hakupiga kelele. Alimpa yule ndege namba, maana kila kinachoingia ghalani lazima kipewe namba.

Wiki iliyofuata akaja wa pili. Mahali: darajani, nusu ya njia ya kutoka msituni. Kisha wa tatu. Mahali: kituo cha mafuta, pale tunapokata kona kuingia mtaani kwao. Hapo ndipo aliponipigia simu.

"Mdogo wangu, pita kazini. Mama usimwambie."

Nilifika mchana. Mlinzi akaniapia kwamba hajaingia mtu, na ufunguo ni mmoja tu, anao dada. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya dawa. Dada akawapanga wale ndege watatu mezani, akanisomea lebo zao kama anayesoma orodha ya sokoni.

"Tuwachome," nikanong'ona.

"Si wangu hawa. Ni wa vyuo saba. Nitaulizwa."

"Dada, huogopi?"

Akafikiri kidogo. "Najua ningepaswa kuogopa."

Halafu akanipeleka nyuma, kwenye kabati la ndege wakubwa. Akavuta droo ya chini kabisa, ile ndefu ya korongo. Korongo walikuwa wameondolewa. Ilikuwa imetandikwa pamba mpya, nyeupe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na ndege. Palikuwa na lebo tu.

Jinsia: jike.

Uzito: gramu elfu hamsini na nane.

Mahali: nyumbani, chumba cha nyuma.

Tarehe: ya leo.

"Nilipimwa juzi," dada alisema. "Kilo hamsini na nane kamili."

Akachukua kalamu. Akaanza kuiandikia ile lebo namba. Nilimnyang'anya. Hakubisha. Akavaa mkoba wake begani na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayeaga kwenda dukani, "Basi acha niende nyumbani."

"Huendi."

"Ameandika nyumbani."

Nilimshika mkono. Nilimvuta hadi nje, hadi kwenye gari. Hakunipinga, ila kila nilipolegeza mkono, miguu yake iligeuka yenyewe kuelekea kwao. Nikampeleka kwa mama. Nikafunga mlango na ufunguo nikauweka kifuani. Nilikaa naye. Tukasubiri tarehe ipite.

Ikapita. Asubuhi aliamka, akanywa chai. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha akaniomba nimsaidie kufungua gauni, vifungo vilikuwa vigumu. Nikamfungua.

Kuanzia chini ya matiti hadi kitovuni kulikuwa na mshono. Umenyooka. Mishono midogo midogo, uzi mweupe, kazi safi.

"Nani amekushona?"

Akauangalia. Akaubonyeza kwa kidole. "Sisikii kitu," akasema. "Sijawahi kupasuliwa, mimi."

Mchana huohuo tulikwenda zahanati. Muuguzi akausoma ule mshono kwa vidole. Akasema si wa jana, ngozi imeshaufunika uzi muda mrefu, hauvutiki tena. Kisha akachukua chombo cha kusikilizia moyo, akakiweka kifuani mwa dada. Akasikiliza. Akakisogeza kushoto. Akasikiliza tena. Akakisogeza chini, mara ya tatu.

Akakivua masikioni, akakiweka mezani polepole, akatoka kwenda kumwita mwenzake.

Dada alikuwa ananitazama. "Wanakawia," alisema. "Nina wageni kazini saa nane."