Mwizi wa Biskuti za Mchele

Mwizi alipita mbele ya runinga, akapita mbele ya simu, akapita mbele ya manukato ya bei ya kukatisha tamaa, asiguse hata kimoja. Akabeba biskuti.

Tena wala si za chokoleti. Alibeba zile za rafu ya pembeni, karibu na mafagio, ambako supamaketi ile iliweka vyakula vya watu wasiokula ngano. Alizoa paketi zote za biskuti za mchele rafuni na katoni zote stoo. Kufuli halikuvunjwa. Kamera ya mlango wa mizigo ilivishwa mfuko wa duka, na toroli lililobeba mzigo lilikutwa asubuhi limerudishwa kwenye mstari wake pamoja na wenzake.

"Mwizi gani huyu anayerudisha toroli?" Sajini aliuliza.

"Mwenye adabu," alijibu Inspekta. "Hao ndio wanaonipa taabu."

Kituoni walimwita Mama Mkasi, kwa sababu alikuwa akikata uongo wa mtu kabla haujafika katikati. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia shingoni, na akiwa kazini hakubali kiti wala chai. Sajini wake hakuwahi kukataa chai tangu azaliwe.

Meneja wa duka aliwapokea amefura.

"Nataka afungwe! Awe fundisho. Wafanyakazi hawa ukiwachekea watakubebea hata paa."

"Nani amekwambia ni mfanyakazi?"

"Ufunguo wa mlango wa mizigo unatundikwa nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Mgeni atajuaje?"

"Na hizo biskuti zina ajabu gani?"

"Zinauzika, afande! Watu wasiokula ngano hawana pa kwenda. Zile za kutoka nje bei yake utadhani zimeokwa na madaktari, na ukizitafuna ni kadibodi tupu. Hizi za mchele zinaokwa hapa hapa mjini. Rahisi na tamu. Mtu anazifuata, anaondoka na mafuta, sabuni na ndoo."

Mama Mkasi alimwacha aendelee kuhesabu ndoo zake, akaenda kwenye rafu.

Paketi za bei mbaya zilikuwepo zote. Mtu alikuwa amezivuta mbele kuziba pengo la zilizoibwa, kazi ya mkono uliozoea duka. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na Mama Mkasi akavaa miwani.

"Sajini, unaona nini?"

"Chakula cha wagonjwa, afande."

"Unaona migongo. Paketi zote zimetupa mgongo. Picha iko ukutani, maandishi madogo yako kwetu."

Mpangaji wa rafu aliitwa mbio. Aliangalia, akashika kichwa.

"Hii si kazi yangu, mama! Mimi naweka picha mbele. Nikipanga hivi meneja ananila nyama."

"Jana jioni zilikuwaje?"

"Picha mbele. Wallahi."

Mtaalamu wa alama za vidole alipaka poda yake, akapata alama za mji mzima. Mama Mkasi hakujali. Alikusanya paketi kadhaa za rafu ile, akaingia nazo chumba cha wafanyakazi, akazimwaga mezani ovyo ovyo kama mtu aliyegombana nazo. Kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja.

Mlinzi wa mlangoni alikaa mikono mapajani, akajibu maswali yote bila kuzitazama. Alikiri alisinzia, akaomba mkewe asiambiwe. Mpangaji alipoingia, mikono ilimwasha. Akazipanga rundo, picha zote juu. Muuza nyama alizisukuma kando ili apate pa kuweka viwiko.

Akaingia keshia. Mwanamke mwembamba, sare imepigwa pasi mpaka inang'aa, macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Umefanya kazi hapa muda mrefu?"

"Mrefu kuliko meneja."

"Watoto unao?"

"Mmoja. Wa kike."

"Jana ulitoka kwa mlango gani?"

"Wa mbele, kama kila siku."

Alijibu vizuri, sauti haitetemeki. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaokota paketi ya kwanza na kuigeuza. Akapitisha kidole gumba chini ya mstari wa maandishi madogo, midomo ikicheza kidogo. Akaiweka. Akaokota ya pili. Akaigeuza.

Sajini aliacha kuandika.

"Mbona unazigeuza?" Mama Mkasi aliuliza.

"Nini?"

"Paketi. Wenzako wote wameona picha. Wewe unasoma mgongo."

Keshia aliangalia mikono yake kana kwamba imemsaliti mbele za watu. Kisha akainua kidevu, na ule utulivu wa kujibu vizuri vizuri ukamtoka.

"Ukiwa na mtoto kama wangu, afande, picha huna haja nayo. Picha inadanganya. Ndiyo, nimezichukua mimi. Na mkizirudisha pale rafuni, nitazichukua tena."

"Ziko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Twendeni."

Alikaa chumba kimoja nyuma ya gereji. Kila kitu kilikuwa mahali pake: sufuria zimetundikwa kwa ukubwa, na moja peke yake kwenye msumari wake, imefungwa utepe mwekundu mkononi. Hiyo ilikuwa ya mtoto, ambayo ngano haijawahi kuigusa. Mtoto mwenyewe alikuwa kitandani, amejikunja, tumbo limevimba chini ya shuka na miguu miembamba. Mama yake alimwita Kijiti, na mtu yeyote angejua kwa nini.

Katoni zilikuwa chini ya kitanda, hata moja haijafunguliwa.

"Hukuuza," Sajini alisema. "Hukula. Hukutupa."

"Ningezitupa mngesema naota. Nilizitunza zipimwe. Nimemwomba meneja azipeleke maabara, kakataa. Nimepeleka moja mwenyewe, wakaniambia wewe ni nani, lete barua ya ofisi. Nikasema basi, nitaiba. Nikiiba watakuja wenye barua."

Mama Mkasi alikaa. Sajini hakuwahi kumwona akikaa kazini.

"Sema yote."

"Utumbo wake hauwezi ngano. Ndani ya ngano kuna kitu kinachonata, gluteni, kikimwingia hata chembe anaumwa wiki nzima, na kila akiumwa utumbo unaharibika zaidi. Daktari alisema tukicheza tutampoteza mtoto. Basi nikawa nasoma migongo ya paketi. Kila mfuko wangu unachokiweza kina ngano. Kisicho na ngano hakina ladha, na bei yake kama vile kuumwa ni anasa! Halafu zikaja hizi. Akala moja, akaniambia, 'Mama, nipe nyingine.' Afande, mtoto huyu alikuwa hajaomba nyingine ya kitu chochote. Nililia pale jikoni."

Akajifuta uso kwa kiganja, kwa hasira.

"Mimi ndiye niliyezipigia debe. Nilimwambia kila mama mwenye mtoto kama wangu, chukua hizi, ni nzuri, ni rahisi. Kisha Kijiti akaanza kuvimba tena. Nikaacha kumpa, akapona. Nikampa, akaanguka. Nikaenda kwa meneja. Akasema, 'Mtoto wako amekula kwa jirani.' Nikarudi mashineni. Wale wale mama wakaja na paketi zao, na mimi nazipitisha, tii, tii, tii, nawatabasamia. Nawauzia sumu kwa mkono huu. Ungekaa na hilo, wewe?"

Kijiti alifungua macho, akamtazama Sajini tumbo hadi kofia, akayafumba.

Maabara ilipoona mhuri wa polisi haikuuliza mtu ni nani. Jibu likaja: ngano, tena si ya kubahatisha. Mama Mkasi akalitia mfukoni, akamwendea mwokaji.

Bekari yake ilikuwa nyuma ya mtaa wa mafundi viatu, tanuri moja na kibao kimoja kirefu. Mwokaji alikuwa mzee mwenye nyusi nyeupe kwa unga, na aliposikia alichofuatiwa karibu awarushie kifimbo cha kusukumia.

"Ngano? Kwenye biskuti zangu za mchele? Mnanitukana kwenye tanuri langu!"

"Maabara imesema."

"Maabara haijui kuoka! Njooni. Ona gunia: mchele. Ona hili: muhogo. Sukari, siagi, mayai. Ngano iko wapi? Mimi si tapeli. Simama hapo uone kwa macho yako."

Alikanda donge mbele yao, akilitwanga ngumi kama ndiyo maabara yenyewe. Akaliweka kando. Mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye ndoo chini ya meza, ukatoka umejaa, ukanyunyiza unga mweupe juu ya kibao, fwaa. Akaweka donge, akaanza kusukuma.

"Hiyo ni nini?" Mama Mkasi aliuliza.

"Ipi?"

"Uliyomwaga kibaoni."

"Aa, hii? Hii ya kunyunyizia tu, donge lisigande. Haimo ndani ya biskuti."

"Unga wa nini?"

"Wa nga..."

Kifimbo kikasimama. Mwokaji aliangalia kibao, akaangalia ndoo, akaangalia kiganja chake. Akarudi nyuma mpaka gunia la mchele likampokea.

"Mama yangu wee," alisema polepole. "Mkono huu umenyunyizia hivi tangu nilipofundishwa kazi. Sijawahi kuuangalia."

Alipoulizwa kama kuna aliyewahi kumletea malalamiko, alitikisa kichwa.

"Hakuna. Ningeacha siku hiyo hiyo. Meneja aliniambia kila mtu anazisifu, ongeza."

Basi Mama Mkasi akarudi kwa meneja, na safari hii mkasi ulikuwa wazi.

"Keshia alikuambia biskuti zinaumiza?"

"Wafanyakazi husema mengi."

"Jibu."

"Aliniambia."

"Na wateja?"

"Mmoja mmoja."

"Waliorudisha paketi, ulizipeleka wapi?"

Meneja alilegeza tai.

"Zilikuwa hazijafunguliwa, afande."

"Nimekuuliza ulizipeleka wapi."

"Nilizirudisha rafuni! Ulitaka nizile? Ndizo zilizokuwa zinaleta watu! Ningejuaje kama ni ngano kweli au ni deko la watoto?"

"Ungejua kwa kupima."

"Nikipima nikakuta?"

Alijisikia mwenyewe alichokisema. Sajini, mtu mpole yule, aliandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Meneja alifika kituoni mchana amebadilika, mikono kifuani, sauti ya asali. Keshia aliketishwa mbele yake.

"Dada yangu," alisema, "haya yameisha. Mimi nafuta malalamiko. Unarudi kazini kwako kesho, kama hakuna kilichotokea. Tunaziondoa biskuti kimya kimya, hakuna gazeti, hakuna mahakama. Sote tumesamehe."

"Nani amekuomba msamaha?" keshia aliuliza.

"Unataka kufungwa?"

"Nataka kushtakiwa. Nimeiba, sikatai. Afande, unishtaki. Hakimu aniulize kwa nini niliiba, na wale mama wote niliowauzia wakae nyuma wasikie. Ukifuta kesi yangu, jibu la maabara litaingia kabatini, na kesho huyu ataleta biskuti nyingine. Mimi kimya nimeshakaa. Tumbo la mwanangu ndilo lililolipa."

Meneja akamgeukia Mama Mkasi. "Mwambie basi! Mlalamikaji ni mimi, na mimi nafuta."

"Wewe si mlalamikaji tu," alisema Mama Mkasi. "Jalada lako la kuuza chakula chenye madhara ukijua limefunguliwa asubuhi, na halifuti mtu. Yeye atakuwa shahidi wangu wa kwanza. La wizi, kwa vile mwenyewe hataki lizikwe, nitalipeleka kwa hakimu pamoja na lako, kama lilivyo. Sajini, andika dhamana ya keshia. Mdhamini mimi."

"Afande, polisi hawezi..."

"Basi mdhamini wewe."

"Mimi ni polisi pia, afande."

"Nitamdhamini mimi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa mwokaji, amevaa shati la heshima, kopo la bati kwapani. Alikuwa amechoma kibao chake cha zamani kwenye tanuri lake mwenyewe. Alimwinamia keshia, mzee mzima, akashindwa kusema alichokuja kusema, akamnyooshea kopo.

Kijiti alikuwa benchini karibu na mama yake. Aliangalia kopo bila kuligusa.

"Kibao umekinyunyizia nini?" aliuliza.

"Mchele, mjukuu wangu. Na kibao kipya."

"Na ile ndoo?"

"Nimeitoa nje. Haitaingia tena."

Mtoto alimtazama mama yake. Keshia alichukua biskuti moja, akaigeuza chini juu, mazoea hayo, akacheka peke yake kwa sababu biskuti haina maandishi. Akamrudia mwokaji, akamtazama machoni kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusoma paketi yoyote. Kisha akampa mwanawe.

Kijiti aliuma. Biskuti ikamvunjikia mapajani.

"Zinavunjika," alisema.

"Zinavunjika," mwokaji alikubali. "Ngano ile ya kibaoni ndiyo iliyokuwa inazishika."

"Nipe nyingine."

Keshia aligeuza uso ukutani. Sajini, ambaye harufu ilikuwa imemtesa tangu kopo lifunguliwe, alinyoosha mkono taratibu. Kijiti akaupiga kofi.

"Wewe duka zima ni lako," alimwambia. "Hizi ni zangu."