Punguza Redio, Mama

"Mama, punguza redio yako, inaleta mwangwi."

"Nikipunguza, nyumba inanyamaza."

"Sasa utaingiaje hewani?"

"Hewani sina haraka. Wewe umeshakula?"

Akacheka. Huyo ni Mpokea Simu wa kipindi cha maombi redioni. Sura yake siijui. Tangu nimzike mume wangu, cherehani na redio ndivyo vinavyosema humu ndani. Kila jioni napiga simu niombewe, na kabla Mhubiri hajanifikia, mimi na Mpokea Simu tunaongea yetu, tunaulizana kama tumekula. Naye alifiwa na mkewe.

Jioni hiyo sauti yake ilikuwa chini.

"Mama, Mhubiri anataka ushuhuda. Useme ulikuwa mpweke, akakuombea, ukapata mchumba."

"Mchumba yupi?"

"Wa kusema tu."

"Baba, Mungu simsingizii. Na wewe ndiye wa kunituma hivyo?"

"Ukikataa, kibarua changu kitaota nyasi."

Roho iliniuma. Akifukuzwa, nani ataniuliza kama nimekula? Nikazima redio.

"Niunganishe."

Mhubiri akadakia, "Haya mama yetu! Waambie wasikilizaji alivyokutendea Mungu!"

"Mungu namshukuru. Ila mchumba sina. Nalala peke yangu, naamka peke yangu. Anayenishikilia ni huyo anayepokea simu zenu. Huniuliza kama nimekula."

Simu ikakatwa. Nilipofungua redio, walikuwa wameweka wimbo.

Kesho yake akapokea binti.

"Yule baba yuko wapi?"

"Hayupo tena. Unataka maombi?"

"Nimeshaombewa, mwanangu."

Nikakaa na kitambaa mapajani, mguu hautaki kukanyaga cherehani. Namba yake sikuwa nayo, niliyokuwa nayo ni ya redio tu. Mara ujumbe ukaingia, namba ngeni:

"Mama, kibarua kimeota nyasi. Namba yako niliondoka nayo kichwani. Nisamehe kwa lile nililokutuma. Umekula?"

Nikajibu: "Bado. Njoo kesho mchana. Dada yangu atakuwepo, kwa hiyo maneno ya mchumba yaache hukohuko redioni."

"Nitakuja mikono mitupu."

"Njoo na njaa."

Kesho yake mchana dada akaingia, akasimama katikati ya chumba.

"Makubwa! Redio imekufa?"

"Nimeizima. Nataka nisikie mlango."

"Hodi wenyewe!"

Sauti ileile, haina mwangwi. Nikamtazama dada.

"Kafungue mwenyewe," dada akasema. "Mimi sikuomba redioni."