Maji Yalifika Ngazi ya Pili

“Mama Jolie, hiyo nyumba yenu iko na kaburi ndani?”

Jirani yao, Mama Annie, aliuliza hivyo asubuhi moja akiwa ameegemea ua, mswaki mdomoni. Jolie alikuwa anafagia uwanja. Mama yake alikuwa anapanga ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni ili awahi sokoni.

“Kaburi gani, Mama Annie?”

“Minye nauliza tu. Watu wanakuja, wanasoma kibao, wanaingia, wanatoka mbio. Muntu hakimbii nyumba bure.”

Mama alipumua kwa nguvu, akajitwika beseni lake. Swali la kwa nini nyumba hainunuliwi lilikuwa limemchosha, kwa sababu yeye mwenyewe alimuuliza Mungu kila siku katika sala. Bibi yake Jolie alikuwa ameteleza shambani kule Makobola, akavunjika nyonga. Sasa alilala peke yake, akingoja majirani wakumbuke kumletea maji ya kunywa. Nyumba hii ya Kilibula, mtaa wa Uvira, isipouzwa, wasingeweza kuhamia kule kumtunza.

Kazi ya kuuza alipewa Lionel, komisioneri anayewatafutia watu nyumba na wanunuzi. Ni yeye aliyemsomea Jolie maneno ya kibao cha langoni, naye Jolie, mwanafunzi wa darasa la sita mwenye mwandiko mzuri, akayaandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA YA KIFAHARI. INAUZWA HARAKA. HAINA MATATA. INATAZAMA ZIWA.

“Maneno matamu ndiyo yanauza,” Lionel alisema.

Hayakuuza. Mwanaume mmoja alikuja na mke wake kwa sababu ya hilo neno “kifahari”. Mke alitazama sakafu ya saruji, akauliza, “Ufahari wenyewe uko chumba gani?” Mwingine alisoma “haraka”, akataka kujua nani anawafukuza. Mzee mmoja alisimama kwenye “haina matata”, akamuuliza Mama mumewe yuko wapi, akaambiwa alishafariki.

“Ndugu za marehemu wako na kesi, siyo? Mbona munakana kabla hamujaulizwa?”

Ndugu za marehemu walikuwa wamekubali tangu zamani, bila ugomvi wowote. Mama alieleza mpaka koo likamkauka.

Lakini neno lililofukuza wengi zaidi lilikuwa “ziwa”. Watu wa Uvira waliona Tanganyika ikipanda mpaka mitaani na kuangusha kuta. Wakisoma kwamba nyumba inatazama ziwa, hawafikirii upepo mzuri. Wanafikiria kubeba magodoro kichwani. Kwa hiyo siku moja, Mama akiwa sokoni, Lionel alileta chokaa akafunika mstari wa kahawia ambao maji yaliuacha kwenye ngazi na ukutani. Jolie alimshikia ndoo. Mama aliporudi alidhani ni usafi tu, akashukuru.

Jumamosi, mama mmoja aliyevaa kitenge cha kwaya alikuja kutazama. Alipenda vyumba, alipenda jiko. Kisha akamgeukia Jolie.

“Mwanangu, wakati ule wa maji, yalifika hapa?”

Jolie alimtazama Lionel. Lionel alikuwa anatazama simu yake.

“Hapana, mama. Hayakufika.”

Mama yake alitoka jikoni, mikono ikiwa na unga.

“Yalifika,” alisema. “Yalifika kwenye ngazi. Weye Jolie, si ulikuwa unaokota masandali yako yakielea?”

Yule mama alipitisha kidole kwenye ngazi. Chokaa ikabaki kidoleni. Alikitazama, akawatazama wote, akaaga kwa upole na kwenda zake.

“Mama, umeiua biashara,” Lionel alilalamika.

“Nyamaza kwanza. Na weye, Jolie, njoo hapa. Nalea mtoto, silei komisioneri. Leta maji na burashi.”

Jolie alisugua ngazi na ukuta mpaka mstari wa kahawia ukatokea tena. Kisha Mama akaketi mbele ya kibao, akamwamuru afute neno baada ya neno. Kila neno jipya alilotaka kuandika, Mama aliuliza, “Hilo nikikuambia unionyeshe, utanionyesha nini?” Jolie alipendekeza “nzuri sana”. Hakuweza kuonyesha “sana” iko wapi. Ikafutwa. Mama alikuwa amekasirika, na Jolie alikuwa karibu kulia, lakini mwishowe kibao kilisomeka hivi:

NYUMBA YA MATOFALI YA KUCHOMA, VYUMBA VITATU, SAKAFU YA SARUJI. ZIWA LILIPOPANDA, MAJI YALIFIKA NGAZI YA PILI, HAYAKUINGIA NDANI. FAMILIA YOTE IMEKUBALI. TUNAHAMIA MAKOBOLA KUTUNZA BIBI.

Lionel alikisoma, akacheka.

“Mama Jolie, hii ni tangazo ao kitubio? Ungemuita padri.”

Kibao kilikaa hapo wiki ile. Jumamosi iliyofuata alifika mkulima wa mpunga kutoka uwanda wa Ruzizi, Papa Hatungimana. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi, akainama, akatazama mstari. Kisha akaingia ndani kukagua chini ya kuta zote.

“Mama, nimetembelea nyumba nyingi hapa mjini,” alisema alipotoka. “Kila mahali wananiapia maji hayakufika. Mpaka najiuliza, yale maji yalilala wapi? Hapa nimesoma ngazi ya pili, nimekuta ngazi ya pili. Basi na yale mengine ya kibao nayaamini. Jumatatu tuite mashahidi, nilipe mbele yao.”

Mama alifunga macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Kisha akamvuta Jolie karibu.

“Umesikia? Neno lisilo na kitu ndani yake, muntu analisikia tu lilivyo tupu, anaanza kutafuta unaficha nini. Mungu amekupa mwandiko mzuri. Usiutumie kupaka watu chokaa.”

“Ndiyo, Mama. Unisamehe.”

Hapo Lionel, aliyekuwa amefika mbio baada ya kusikia habari, akajikohoza.

“Papa, ujue minye ndiye komisioneri wa nyumba hii. Maneno yangu ndiyo yamekuvuta.”

“Maneno gani?” Papa Hatungimana aliuliza.

Lionel alikigeukia kibao. Alikisoma kuanzia juu mpaka chini, midomo ikicheza, akarudia tena juu, akitafuta hata neno lake moja. Halikuwepo. Akatia simu mfukoni, akapita langoni, akaondoka.